Kuhakiki Vifaa vya Mabomba Kwenye Modeli Kabla Havijafika Karakana

Tarehe 28 Julai 2005, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha BP huko Texas City, Marekani, kiwiko cha bomba la inchi 8 kilipasuka. Ndani yake ilikuwa ikipita hidrojeni yenye joto kali na shinikizo kubwa. Ilipotoka nje iliwaka, na hasara ya mali ilifikia dola milioni 30. Bahati njema hakufa mtu. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilipofuatilia chanzo, ilikuta kwamba viwiko vitatu vya kwenye kibadilisha joto kilichounganishwa na bomba hilo vilifanana kwa umbo na vipimo. Viwili vilikuwa vya chuma cha aloi chenye kromiamu, na kimoja cha chuma cha kaboni cha kawaida, kilichopangiwa mahali pasipo na joto kali. Mapema mwaka huo mafundi walivifungua kwa ajili ya matengenezo, na wakati wa kuvirudisha, cha kaboni kikakaa mahali pa cha aloi. Kiliingia bila taabu yoyote. Miezi kadhaa baadaye hidrojeni ilikuwa imekwisha kukila.

Mchoraji wa mabomba anayekaa mbele ya kompyuta ana sababu ya kuifikiria ajali hiyo, kwa kuwa kwenye skrini kosa la namna hiyo halionekani kabisa. Viwiko viwili vya inchi 8, kimoja cha kaboni na kingine cha aloi, huchorwa kwa mistari ileile na rangi ileile. Kinachovitofautisha ni maneno yaliyoandikwa kwenye data ya kila kimoja. Kazi ya kuhakiki mabomba ndani ya modeli, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kusoma maneno hayo.

Programu zinazotumika sana kusanifu mitambo, kama AutoCAD Plant 3D, AVEVA E3D na CADWorx, zote hutegemea kitu ambacho wahandisi hukiita spesi. Hii ni orodha rasmi ya vifaa vinavyoruhusiwa kwa aina fulani ya laini: bomba la unene gani, flenji ya daraja gani, vali ipi, gasketi ipi, boliti za chuma gani. Mchoraji akichagua spesi na ukubwa, programu humletea vifaa vya orodha hiyo tu. Baadaye akiiamuru ikague kazi, italinganisha kilichomo kwenye modeli na kilichomo kwenye spesi, kisha itamwonyesha palipotofautiana.

Hapo ndipo wengi hujiamini kupita kiasi. Programu inalinganisha maandishi na maandishi. Kama spesi yenyewe ina kosa, modeli nzima itakuwa na kosa hilohilo na ukaguzi utapita bila onyo hata moja. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuhakiki kwa uhakika aanze na spesi, na modeli aiache kwanza.

Weka mbele yako karatasi tatu kabla ya kufungua mchoro wowote: spesi iliyotiwa saini na mhandisi wa mabomba, orodha ya laini inayoonyesha shinikizo na joto la usanifu la kila laini, na mchoro wa P&ID (mchoro wa mabomba na vifaa vya udhibiti) wa toleo la mwisho. Hakikisha namba za matoleo zinalingana. Hatua hii huchukua dakika chache, na mara nyingi ndiyo inayogundua kwamba kikundi kizima kilikuwa kinachora kwa spesi ya toleo lililopita.

Kisha chukua laini moja na uipitishe kwenye spesi yake mpaka mwisho. Tuseme ni laini ya mvuke ya inchi 6 kutoka kwenye boila ya kiwanda, bomba la chuma cha kaboni la ASTM A106 daraja B, skedyuli 40, flenji za ASTM A105 za klasi 150. Orodha ya laini inasema shinikizo la usanifu ni bar 10. Mvuke wa shinikizo hilo una joto la kama nyuzi 184 za Selsiasi. Kiwango cha ASME B16.5 kinaipa flenji ya klasi 150 ya chuma hicho uwezo wa bar 13.8 kwenye nyuzi 200. Hapo hakuna tatizo.

Sasa mteja anabadili boila na kutaka bar 17. Mtu wa haraka atakumbuka kwamba klasi 150 hubeba bar 19.6, ataona 17 ni ndogo kuliko 19.6, na ataiacha spesi ilivyo. Lakini hiyo 19.6 ni ya joto la kawaida, lisilozidi nyuzi 38. Mvuke wa bar 17 una nyuzi 207, na katika joto hilo flenji ileile haifikishi hata bar 14. Laini hiyo inahitaji klasi 300, ambayo kwenye nyuzi 200 hubeba bar 43.8. La kuangalia sana hapa ni kwamba bomba lenyewe halina shida. Ukipiga hesabu ya unene unaotakiwa kwa bar 17 kwenye inchi 6, unapata kama milimita 1 na ushei kabla ya kuongeza akiba ya kutu na asilimia 12.5 ya upungufu unaoruhusiwa kiwandani. Skedyuli 40 ina milimita 7.11. Anayekagua unene wa bomba peke yake ataridhika, ilhali udhaifu uko kwenye flenji.

Mabadiliko hayo hayaishii kwenye data. Flenji ya inchi 6 ya klasi 150 ina kipenyo cha milimita 280 na boliti 8. Ya klasi 300 ina kipenyo cha milimita 320 na boliti 12. Mabomba yaliyopangwa kwa kubanana kwenye fremu yataanza kugusana flenji kwa flenji. Kwa hiyo spesi ya laini ikibadilishwa, endesha ukaguzi wa migongano upya hata kama njia ya bomba haikusogezwa hata milimita moja.

Ndani ya spesi kuna mitego inayorudi mradi baada ya mradi. Wa kwanza ni neno STD. Kwa mabomba ya mpaka inchi 10, unene wa STD na wa skedyuli 40 ni uleule, na wachoraji wamezoea kuyachukua majina hayo mawili kuwa kitu kimoja. Kwenye inchi 12 yanaachana: STD ni milimita 9.53, skedyuli 40 ni 10.31. Hali ni hiyohiyo kwa XS na skedyuli 80, ambazo zinakwenda pamoja mpaka inchi 8, kisha kwenye inchi 10 moja inakuwa 12.70 na nyingine 15.09. Aliyeandaa katalogi kwa kunakili safu kutoka ukubwa mdogo kwenda mkubwa anaweza kuingiza kosa ambalo halitaonekana mpaka mchomeleaji akutanishe bomba na kiwiko na kukuta kingo za ndani zimepishana.

Wa pili ni kipenyo cha nje. Bomba la inchi 4 la viwango vya Marekani lina milimita 114.3. Kuna viwango vya Uchina na vya zamani vya Ulaya ambamo bomba linaloitwa DN100 lina milimita 108, na DN150 ina 159 badala ya 168.3. Katika miradi ya Afrika Mashariki, ambako pampu hutoka nchi moja, vali nchi nyingine na mabomba nchi ya tatu, jina la ukubwa pekee halitoshi. Safu ya kipenyo cha nje kwenye katalogi isomwe kwa namba, na ilinganishwe na bomba litakalonunuliwa kweli.

Kwenye jedwali la matawi, yaani sehemu ya spesi inayoamua tawi la inchi 2 litokeje kwenye bomba la inchi 6, soma kila kisanduku. Palipoachwa wazi, mchoraji atajitungia. Na panapokuwa na zaidi ya kifaa kimoja kwa ukubwa uleule, angalia kipaumbele kimepewa kipi. Kiwiko kirefu cha inchi 6 kina milimita 229 kutoka katikati hadi ukingoni, kifupi kina 152. Vyote viwili vinaweza kuwemo kwenye spesi kihalali, lakini kipaumbele kikikaa kwa kifupi, modeli nzima itajaa viwiko vifupi bila mtu yeyote kukusudia, na upotevu wa shinikizo utakuwa mkubwa kuliko mhandisi wa mchakato alivyokadiria.

Spesi ikishapita, fungua modeli. Usianze kwa kuzungukazunguka ukitazama picha nzuri. Toa data yote ya mabomba kwenda jedwali la Excel, ukiweka safu za namba ya laini, spesi, ukubwa, skedyuli, malighafi, daraja la shinikizo na maelezo marefu. Chuja kwanza safu ya spesi uone palipo patupu. Hivyo ndivyo vifaa vilivyowekwa nje ya spesi: vile vya muda ambavyo mchoraji aliweka akingoja michoro ya mtengenezaji, na vile alivyovitengeneza mwenyewe kwa sababu spesi haikuwa navyo. Kila kimoja kati ya hivyo kinahitaji jibu. Ama kiingizwe kwenye spesi kwa idhini ya mhandisi, ama kiandikiwe ruhusa maalumu yenye namba, ama kiondolewe. Kisiachwe kwa matumaini kwamba kitarekebishwa baadaye, kwa sababu orodha ya ununuzi haitofautishi kifaa cha muda na kifaa halisi.

Baada ya hapo, panga jedwali kwa namba ya laini na uone kama kila laini ina spesi moja. Laini ya klasi 300 yenye kipande kimoja cha klasi 150 katikati itajitokeza mara moja. Halafu linganisha safu ya maelezo na safu ya malighafi. Katika programu nyingi maelezo yanaweza kuandikwa upya kwa mkono bila kifaa chenyewe kubadilika, na ndiyo maana hutokea kifaa kinachosomeka chuma cha pua kwenye maelezo, huku safu ya malighafi ikisema A105. Atakayenunua atasoma maelezo. Atakayekokotoa uzito na mihimili atasoma data. Kila mmoja atakwenda na ukweli wake.

Sasa njoo kwenye maungio, kwani hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Programu huangalia kama miisho miwili inayokutana inalingana, kutegemea kanuni za muunganiko zilizowekwa kwenye mradi. Kanuni zikiwa legelege, itakubali flenji mbili za viwango tofauti mradi ukubwa wake ni mmoja. Tazama inachomaanisha. Flenji ya DN100 ya PN16 ina matundu 8 kwenye mduara wa milimita 180. Ya inchi 4 ya klasi 150 nayo ina matundu 8, lakini mduara wake ni milimita 190.5. Idadi ni sawa, boliti haiingii hata moja. Kwenye DN80 tofauti ni ya wazi zaidi, kwa kuwa PN16 ina matundu 8 na klasi 150 ina 4. Kwenye DN150, hata hivyo, mduara ni 240 kwa 241.3, matundu ni 8 kwa 8, na boliti zinapita. Huo wa mwisho ndio wa kuogopa zaidi, kwa sababu fundi atafunga akiamini kazi imeisha, na laini itakuwa na flenji mbili za viwango viwili tofauti bila mtu kuwa ameamua hivyo.

Kwa hiyo kwa kila nozeli ya pampu, tangi au kibadilisha joto, chukua mchoro wa mtengenezaji na uhakikishe mambo manne kwenye data ya nozeli: ukubwa, kiwango cha flenji, daraja na aina ya uso. Uso unasahauliwa sana. Pampu nyingi zina mwili wa chuma cha kutupwa na flenji ya uso bapa. Flenji ya chuma ya upande wa bomba kwa kawaida ina uso ulioinuka. Boliti zikikazwa, flenji ya chuma cha kutupwa inavutwa ukingoni huku katikati ikiwa imeegemea ule uso ulioinuka, na inaweza kupasuka. Bomba linapokutana na pampu ya namna hiyo, flenji ya bomba nayo iwe ya uso bapa, na gasketi iwe ya uso mzima, yenye matundu ya boliti. Spesi ya kawaida ya chuma cha kaboni mara nyingi haina flenji wala gasketi hiyo, na mchoraji hatapata onyo lolote akiweka ya kawaida.

Mpaka kati ya spesi mbili nao una kanuni yake. Laini ya klasi 300 inapokutana na ya klasi 150 kwenye vali, vali hiyo ni ya daraja la juu, na flenji zake zote mbili ni za klasi 300. Maana yake flenji ya kwanza ya upande wa chini inayofungana nayo lazima pia iwe ya klasi 300, ingawa bomba linalofuata ni la spesi ya 150. Kwenye P&ID mpaka huonyeshwa kwa alama ndogo tu. Kwenye modeli, bofya vipande vitatu mfululizo, vali, flenji na bomba, usome daraja la kila kimoja.

Kwa fitingi ndogo za kuchomelea kwa soketi, angalia kama klasi 3000 imeoanishwa na bomba la skedyuli 80, na klasi 6000 na skedyuli 160. Haichukui muda.

Yapo pia mambo ambayo spesi haiyajui, na ukaguzi wa programu hauwezi kuyaona hata spesi ikiwa safi. Redyusa iliyonyooka upande mmoja na kuinama upande wa pili, ikiwekwa kwenye mdomo wa pampu unaovuta maji, kwa kawaida upande wake ulionyooka unatakiwa uwe juu ili hewa isijikusanye hapo. Programu inaihesabu kuwa sahihi hata ikiwa imepinduliwa, maana ni kifaa kilekile chenye namba ileile. Vali ya kuzuia kurudi nyuma inaweza kuwekwa ikitazama upande usiofaa na ikapita ukaguzi wote. Mpini wa vali unaweza kuelekea ukutani. Kwa haya hakuna njia ya mkato: zungusha modeli, fuata laini kutoka inakoanzia hadi inakoishia ukiwa na P&ID mkononi, na paka rangi kila kipande ulichokiona kwa macho.

Hatua inayofuata ni isometriki na orodha ya vifaa inayotoka nayo. Programu nyingi huandika kwanza faili ya PCF, ambayo ni maandishi matupu yanayofunguka kwa programu yoyote ya kuandikia, kisha Isogen au programu nyingine huigeuza kuwa mchoro. Fungua PCF ya laini moja au mbili na uisome. Kila kifaa kina kifungu chake, kikianza na jina kama PIPE au ELBOW, kisha viratibu vya miisho, kisha namba ya bidhaa. Namba ya bidhaa ikikosekana hapo, kifaa kitaonekana kwenye mchoro bila kuingia kwenye orodha ya ununuzi. Ni rahisi kuligundua kosa hilo kwenye maandishi kuliko kwenye karatasi ya isometriki iliyojaa mistari.

Hesabu gasketi na boliti kwa mkono kwenye laini chache. Ungio moja la flenji ni gasketi moja na seti moja ya boliti. Vali yenye flenji mbili ni gasketi mbili na seti mbili. Hesabu ikipungua, pana flenji mbili zinazotazamana kwa karibu bila kuunganishwa kweli, pengine kwa nafasi ya milimita moja ambayo jicho halioni. Angalia pia urefu wa boliti kwenye vali nyembamba zinazobanwa katikati ya flenji mbili. Programu hukokotoa urefu huo kutokana na unene wa vali ulioandikwa kwenye katalogi, na unene ukiwa umeachwa sifuri au umenakiliwa kutoka vali nyingine, boliti zitafika eneo la kazi zikiwa fupi. Ni vitu vya bei ndogo, lakini kundi la mafundi na kreni huweza kukaa siku nzima likizisubiri.

Kwa laini zenye aloi, rudi kwenye lile kosa la Texas City na uulize wazi: je, kuna vifaa viwili kwenye eneo moja vyenye umbo sawa na malighafi tofauti, ambavyo vitafunguliwa pamoja wakati wa matengenezo? Jedwali la Excel linaweza kujibu. Chuja vifaa vinavyofunguka kwa boliti, panga kwa ukubwa na eneo, kisha tazama palipo na malighafi mbili. Ukivipata, mweleze mhandisi. Anaweza kubadilisha urefu wa kimoja ili visiweze kubadilishana nafasi, au kuvifanya vyote vya aloi, au angalau kuagiza kila kimoja kipigwe chapa na kipimwe malighafi kabla ya kurudishwa. Mabadiliko ya namna hiyo kwenye modeli ni kazi ya saa chache.

Limebaki suala la matoleo. Spesi ikirekebishwa katikati ya mradi, vifaa vilivyokwisha kuwekwa kwenye michoro havibadiliki vyenyewe. Vinabaki na data ya zamani mpaka mtu aamuru visasishwe, na akishaamuru, modeli haionyeshi tena kile karakana ilichokwisha kuambiwa ikate na ichomelee. Andika namba ya toleo la spesi kwenye kila isometriki inayotolewa. Siku toleo jipya linapoingia, toa kwanza orodha ya isometriki zote zilizokwenda karakana kwa toleo la zamani, ipeleke kwa msimamizi wa karakana pamoja na namba za vifaa vilivyobadilika, na ndipo mchoraji aruhusiwe kusasisha modeli.